Mitupo Sita ya Kendrell Pettigrew

Jumatatu asubuhi Verna Tackett aliingia chumba cha uteuzi na kikombe chake cha kahawa, akatazama ubao, na kahawa ikageuka chungu mdomoni.

Ubao ule ulichukua ukuta mzima. Kila kijana aliyetarajiwa kuingia ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu mwaka huo alikuwa na kipande chake cha sumaku chenye jina, na vipande vilipangwa toka juu kwenda chini kwa jinsi timu ya Cincinnati ilivyowataka. Ijumaa, Verna alipotoka kwenda nyumbani, Kendrell Pettigrew alikuwa wa kumi na tisa. Sasa pale kumi na tisa palikuwa na jina jingine. Akateremka na macho, ishirini, thelathini, arobaini, hadi akamkuta chini kabisa, kule ambako wafagiaji hugonga mafagio. Ilimbidi ainame ili alisome jina, na goti lake la kushoto lilimkumbusha kwamba ana miaka sitini na mitatu.

"Nani kamshusha huyu?"

Colby Strand, mkuu wa takwimu, kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye viatu vyeupe visivyojua matope, hakuinua macho kwenye kompyuta. "Safu ya mwisho ndiyo imemshusha, Bi Verna. Si mimi."

"Safu ya mwisho ina mikono?"

"Soma mwenyewe."

Hakuwa na haja ya kusoma. Ile safu aliijua na aliichukia tangu ilipoanzishwa. Ilihesabu mambo ya dakika mbili za mwisho tu, mechi ikiwa imebana, tofauti ikiwa pointi tatu au chini yake. Meneja mkuu, Brantley Hoskins, aliipenda kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya jengo lile. Alisema mchezaji ni dakika mbili za mwisho, hayo mengine ni kupasha misuli. Na katika dakika hizo, kompyuta ilisema, Kendrell Pettigrew alipewa mitupo huru, ile anayopewa aliyechezewa vibaya airushe bila kuzuiwa, kumi na saba kwa misimu miwili, akafunga kumi na mmoja, akakosa sita. Kijana ambaye siku za kawaida hufunga mitupo tisini na mmoja kati ya mia! Mbele ya jina lake Colby alikuwa ameandika maneno mawili: mkono hutetemeka.

Verna aliweka kikombe mezani kwa kishindo hadi kahawa ikaruka. "Hii mitupo sita alikosa kwa makusudi. Kila mmoja. Nilikuwepo kwenye minne na mingine miwili nimeitazama kwenye video."

"Karatasi ya mechi imeandika alikosa."

"Karatasi ya mechi ilikuwa kwenye benchi na mimi? Ilikula soseji baridi za chuo cha Harlan Creek na mimi?"

Colby alicheka kidogo, na hapo ndipo alipokosea. Verna alikuwa mwalimu wa mpira wa kikapu wa wasichana milimani Kentucky kabla hajawa msaka vipaji, na miaka ishirini na sita ya kulala hoteli za kando ya barabara haikuwa imempunguzia sauti. Akamwambia asimame. Colby akasimama, bila kujua kwa nini.

"Sikiliza, dogo. Timu yako iko nyuma kwa pointi mbili. Zimebaki sekunde tatu. Umebakiwa na mtupo mmoja tu. Ukiufunga, unapata nini?"

"Tunakuwa nyuma kwa moja."

"Na mpira?"

"Wa wapinzani."

"Na mechi?"

Colby alitazama ubao.

"Imekwisha! Kwa hiyo kocha anakwambia ukose huo mtupo. Lakini si kukosa hivihivi. Sheria inataka mpira uguse pete ya kikapu, usipogusa unapewa wapinzani. Unatakiwa uupige pete kwa nguvu, kwa pembe yake, uangukie mahali ambapo mwenzako anapajua na wengine hawapajui, audake, afunge pointi mbili, msawazishe. Mitupo sita ya huyu mtoto yote iliangukia hatua mbili kushoto kwa pete. Yote sita! Mwenye mkono unaotetemeka hukosa huku na kule, hakosi mahali pamoja mara sita. Toa hiyo sita, unabaki na nini?"

"Kumi na moja kwa kumi na moja," Colby alisema polepole.

"Hajawahi kukosa mtupo aliotaka kuufunga. Hata mmoja. Na wewe umemweka kwenye vumbi."

Mlango ulifunguka na Hoskins akaingia, tai imenyooka, harufu ya sabuni ya gharama mbele yake. Alikuwa amesikia, maana hata walinzi wa getini walikuwa wamesikia. "Verna, kama ni kweli, kwa nini mwenyewe hasemi? Tulipomhoji kwenye usaili wa wachezaji kule Chicago nilimuuliza uso kwa uso. Akaniambia, 'Nilikosa, bwana.' Mtu mwenyewe kakiri, wewe unamtetea kwa lipi?"

Verna alichukua kikombe chake akatoka.

Aliingia ofisini kwake akampigia simu Rusty Mabe, kocha wa Harlan Creek. Au tuseme aliyekuwa kocha, maana mwezi Aprili Mabe alikuwa amechukuliwa na chuo kikubwa chenye uwanja wa viti elfu kumi na nane, na sasa picha yake ilikuwa kwenye mabango ya barabara kuu. Aliitika kwa furaha ya mtu aliyelala vizuri.

"Rusty, ile mitupo sita. Uliiamuru wewe."

Furaha ikapungua. "Verna, unajua desturi yetu. Yanayosemwa kwenye duara yanabaki kwenye duara."

Desturi hiyo ipo kweli, na Verna mwenyewe aliifundisha miaka kumi na miwili. Kocha anapoita mapumziko, wachezaji wanamzunguka, wanashikana mabega, na neno linalotoka pale halimfikii mzazi wala mwandishi wa habari. Timu inashinda pamoja na inashindwa pamoja. Ni desturi nzuri. Lakini Verna alikuwa na gazeti la mwezi Machi juu ya meza, siku moja baada ya fainali ya kanda, ile ambayo mtupo wa sita wa Kendrell ulimfikia mwenzake, Amos Teague, mkononi kabisa, Amos akaurudisha juu, ukazunguka pete ukatoka. Harlan Creek walifungwa kwa pointi mbili. Mji mzima ulimwangukia Kendrell. Duka la matairi liliandika kwenye kibao chake cha matangazo kwamba hata wao wangefunga. Na katika gazeti, kocha Mabe alinukuliwa akisema anamsikitikia kijana, mkono ulimtetemeka, yatapita.

"Hili la mkono kutetemeka lilisemwa kwenye duara, Rusty? Au ulilitoa kichwani mwako ukampa mwandishi?"

Mlango ulisikika ukifungwa upande wa Mabe.

"Walikuwa wanataka kunifukuza, Verna. Bodi ilikuwa inanipigia simu mchana na usiku. Nilihitaji wiki mbili tu, wale wa chuo kikubwa walikuwa wanakuja kunitazama."

"Basi umeshapata kazi. Sema sasa."

"Nikisema sasa, nitaonekanaje?"

"Utaonekana ulivyo!" Verna alifoka, na Mabe akakata simu. Verna aliurudisha mkono wa simu mahali pake. Ndiyo hivyo. Lile duara lilimfunga mdomo yule aliyeumia, na yule aliyefaidi alitoka na kuingia atakavyo.

Akampigia Kendrell mwenyewe. Kendrell alikuwa jikoni kwa mama yake huko Evansville. Nyuma yake masufuria yaligongana.

"Bi Verna, habari ya goti?"

"Achana na goti. Waambie ukweli, mwanangu. Sentensi moja tu. Keshokutwa unakuja kufanya majaribio hapa, sema sentensi moja."

"Nilikosa, Bi Verna."

"Usinitanie! Mimi nilikuwepo!"

Kijana alishusha sauti, mama asisikie. "Nikisema kocha ndiye aliniambia, wataanza kuuliza kwa nini ule mpira wa mwisho haukuingia. Watamfikia Amos. Amos bado ana mwaka mmoja pale, na ndiye atakayeendelea kununua mkate kwenye mji ule. Mimi nimeshaondoka. Waache wanitukane mimi."

Verna alitaka kumkaripia. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kumkaripia. Badala yake alimwambia Jumatano asichelewe, na aje na soksi za ziada.

Majaribio ya Cincinnati yalikuwa na sherehe yake ya kijinga. Mchezaji alisimama kwenye mstari wa mitupo huru, spika nne zikafunguliwa kelele za mashabiki, na wafanyakazi wote wa ofisi, hadi dada wa mapokezi, walipanga mstari nyuma ya pete kumtukana. Dada wa mapokezi ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Siku ya Tucker Vandiver, kijana wa chuo kikubwa ambaye sasa alikaa pale kumi na tisa kwenye ubao, alikuwa amemwambia mambo juu ya nywele zake hadi akakosa minne. Lakini Vandiver alisamehewa, kwa sababu safu ya mwisho ilimpenda. Safu haikujua kwamba nusu ya pointi zake za dakika za mwisho hufungwa mechi ikiwa imeshaamuliwa, zimebaki sekunde mbili na timu iko nyuma kwa tatu na watu wanatafuta funguo za magari. Ilihesabu tofauti ya pointi tatu, ikaita ushujaa.

Kendrell alipiga ishirini, akafunga ishirini.

"Mazoezi si mechi," Hoskins alisema, mikono kifuani. Colby aliandika kitu.

Verna akawaka. Akavua koti, akalitupa kwenye kiti, akachechemea kuingia uwanjani na viatu vyake vya kwendea kanisani, akasimama hatua mbili kushoto kwa pete. Akanyoosha mikono mbele, viganja juu. "Zimeni hizo kelele. La, ziacheni. Ongezeni!"

Wakaongeza.

"Kendrell! Sikuulizi ya zamani. Kwenye duara hatuingii. Nataka mpira ugonge pete uje hapa mkononi mwangu. Nina goti bovu, sisogei hata inchi."

Kendrell alimtazama, akamtazama Hoskins. "Nikose, bwana?"

"Mama ndiye aliyeshika usukani," Hoskins alisema, na wafanyakazi wakacheka.

Kendrell aliudunda mpira mara mbili, akaurusha kwa kimo cha chini na kwa nguvu, si kwa ule upinde wake mzuri. Ukagonga ubavu wa pete, paa! ukamjia Verna kifuani. Akaudaka. Kicheko kikapungua. Wa pili ukatua pale pale. Wa tatu pia. Wa nne ulimgonga kidole cha kati, naye akatoa neno ambalo mwalimu wa watoto wa kanisani hatakiwi kulijua, lakini hakuuachia. Kufika wa tano dada wa mapokezi alikuwa ameacha kutukana. Wa sita ulipomfikia viganjani, spika zilikuwa bado zinapiga kelele peke yake na hakuna mtu aliyekumbuka kuzizima.

Hoskins alisogea hadi mstarini. "Nani kakufundisha hiyo?"

"Tulikuwa tunafanya mazoezi, bwana."

"Na ile sita ya kwenye mechi?"

Kendrell alijifuta jasho na shati. "Nilikosa, bwana."

Verna, chini ya pete, alikumbatia mpira na kutamani kumpiga nao kichwani. Wakati huohuo alijua kwamba katika miaka ishirini na sita hajawahi kumtaka mchezaji kiasi kile. Watu wote pale walikuwa wakitafuta nani haogopi dakika za mwisho. Huyu hapa dakika zake za mwisho zilikuwa zimechukua miezi mitatu, mji mzima ukimzomea, ajira yake ikining'inia, na bado mdomo haujateleza.

Saa moja baadaye Hoskins alimwita ofisini, yeye na Colby, akafunga mlango mwenyewe. Alikuwa anatabasamu.

"Verna, wewe ni dhahabu. Nilikosea, umenionyesha. Huyu ni mchezaji."

"Asante." Alikuwa amechoka kiasi kwamba aliketi bila kukaribishwa. "Basi mrudishe kumi na tisa."

"Hapana. Akae hapohapo chini alipo."

Verna alidhani hakusikia vizuri.

"Fikiria kidogo," Hoskins alisema kwa upole, namna watu wanavyowaeleza wazee jinsi ya kutumia simu. "Kila timu ina karatasi ileile tuliyonayo sisi. Kila timu inaamini mkono unatetemeka. Louisville ndio pekee wanaomtaka bado, na hawana uhakika. Sisi zamu yetu ya kuchagua ni ya ishirini na moja raundi ya kwanza, tunamchukua Vandiver, watu wafurahi. Raundi ya pili zamu yetu ni ya arobaini na saba, na Pettigrew atakuwa bado amekaa. Tunampata bila kumwahidi kitu. Colby ana rafiki yake mwandishi, kesho asubuhi ataipata ile safu, na maneno yake mawili. Louisville wataogopa."

Wa raundi ya kwanza hupewa mkataba ambao timu haiwezi kuuvunja kwa miaka miwili, hata avunjike mguu siku ya kwanza. Wa raundi ya pili anaweza kuitwa Julai na kurudishwa kwao Oktoba na begi lake. Kila mtu katika chumba kile aliyajua hayo. Mama yake Kendrell alikuwa akisimama saa tisa kwa siku jikoni kwenye shule ya msingi, na hayo pia waliyajua, yalikuwa kwenye faili, Verna ndiye aliyeyaandika.

"Juzi ulimtupa kwa uongo uliouamini," Verna alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia, na waliomjua wangeogopa. "Leo unajua ni uongo, na unataka kuusambaza."

"Verna, hii ndiyo kazi."

"Si kazi hii. Ni wizi uliovaa tai."

"Umesaini karatasi ya chumba cha uteuzi kama sisi sote," Hoskins alisema, na tabasamu lilikuwa limeondoka. "Yanayosemwa humu yanabaki humu. Nisingependa nikukumbushe."

Duara jingine tena. Verna alimgeukia Colby. Shingo ya kijana ilikuwa nyekundu, na alikuwa akitazama viatu vyake vyeupe.

Alhamisi asubuhi habari ilikuwa kila mahali. Mkono hutetemeka. Mitupo sita. Watu ambao hawajawahi kumwona Kendrell akifunga kamba za viatu walibishana redioni juu ya roho yake. Mmoja alisema wengine huzaliwa na moyo na wengine huzaliwa bila moyo. Verna aliisikiliza garini hadi akaingia maegesho, akaizima, akakaa. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa anaipenda kazi ile, na hasira haikumsahaulisha hilo. Alipenda barabara, kumbi ndogo zenye joto, vijana wanaosema ndiyo bwana. Alijua kwamba akifanya hili hakuna timu itakayomwajiri tena, hata kwa kazi ya kufungua milango.

Saa nane mchana, wengine wakiwa wanakula tambi zao zilizofunikwa nyama na jibini kwenye chumba cha mikutano, alikwenda mapokezi, akamwomba dada simu ya mezani, akapiga Louisville. Aliyeitika ni Ozell Trammell, msaka vipaji wa huko, ambaye alikuwa hajazungumza naye kwa miaka tisa tangu Ozell alipomwibia mchezaji mrefu kutoka Paducah.

"Tackett? Umekufa au umelewa?"

"Nisikilize na usiniingilie. Chukua video za Pettigrew, ile mitupo sita. Usitazame mpira, wala usimtazame yeye. Mtazame Amos Teague miguuni."

"Kwa nini?"

"Nimesema usiniingilie."

Alisikia vidole vya Ozell kwenye kompyuta, kisha pumzi yake. Alisubiri. Dada wa mapokezi alijifanya anapanga barua.

"Anaanza kwenda kushoto," Ozell alisema taratibu, "kabla mpira haujatoka mkononi mwa kijana."

"Mara zote sita."

"Mama wee. Anajua unakoangukia." Akasimamisha video. "Sasa kwa nini unanipa mimi? Wewe wa Cincinnati."

"Kwa sababu bosi wangu ni mwizi, Ozell, na wewe ni mwizi mdogo kuliko yeye."

Akakata. Dada wa mapokezi alimsogezea bakuli la peremende bila kusema kitu, na Verna akachukua mbili.

Jioni hiyo ndiyo ilikuwa ya uteuzi wenyewe, na chumba kilijaa. Televisheni kubwa ilikuwa imewashwa, na ubaoni sumaku zilitolewa moja moja kadiri majina yalivyosomwa. Hoskins alikuwa mchangamfu. Wa kumi na sita, wa kumi na saba. Wa kumi na nane. Verna alikaa karibu na mlango, mguu wa kushoto umenyooshwa, mikono mapajani.

Mtangazaji alipanda na kikaratasi. Wa kumi na tisa, Louisville wanamchagua Kendrell Pettigrew, mlinzi, kutoka chuo cha Harlan Creek.

Hoskins aligeuka taratibu, akawatazama watu wake mmoja baada ya mwingine, na Colby alizidi kuwa mwekundu kwa kosa ambalo hakulifanya.

"Nani?" Hoskins aliuliza. "Nani kawapigia Louisville?"

"Mimi," Verna alisema. "Saa nane mchana, kwa simu ya pale mapokezi, ili msihangaike kutafuta."

"Toka."

"Natoka."

Lakini kwanza alivuka chumba kizima, akichechemea mbele ya watu kumi na wanne, akaenda ubaoni, akainama hadi chini kabisa ingawa goti lilimpigia kelele, akaibandua sumaku ya Kendrell Pettigrew, akaitia mfukoni. Hakuna aliyemzuia. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia sauti ya Kendrell, akageuka.

Walikuwa wanamhoji. Alivaa suti ya bluu iliyomzidi mabega, na mama yake alikuwa ameshika mkono wake mmoja kwa mikono yake yote miwili, analia. Na upande wa pili, kwenye meza ya familia, amevaa tai yenye rangi za chuo chake kipya, alikaa Rusty Mabe. Uso umechanua. Mkono wake ulikuwa umelala begani kwa Kendrell.

"Nilimwamini siku zote," Mabe alikuwa akisema. "Nilijua yatapita."

Mwandishi akamsogezea Kendrell kipaza sauti, akamuuliza kuhusu ile mitupo sita, na leo hii ana nini cha kuwaambia wanaosema mkono wake hutetemeka.

Kendrell alitazama chini, kisha akatazama kamera. Mabe alikuwa ameganda na tabasamu lake.

"Nilikosa, dada," Kendrell alisema. "Nitaongeza mazoezi."

"Toa mkono wako!" Verna alipiga kelele kuelekea kwenye televisheni, na watu wote chumbani wakaruka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali nani anayaona. "Rusty Mabe! Toa mkono wako begani kwa huyo mtoto!"

Mkono haukutoka. Ulibaki palepale, ukimpigapiga kijana begani, hadi matangazo ya biashara yalipoanza.